Vita vya Kagera: je, sheria iliruhusu kufika Kampala?

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja mkoani Kagera. Nikifika kwenye vita vya 1978 na 1979, wanafunzi hunibana kwa maswali mawili. Kwanza, kumfukuza Idi Amin, mtawala wa Uganda, kwenye ardhi yetu ni haki, lakini kwenda hadi Kampala na kuiangusha serikali yake, sheria ya kimataifa iliruhusu? Pili, leo nchi ikiona jirani anaua raia wake mwenyewe, inaweza kuingia kijeshi kuwaokoa? Naomba jibu la mwanasheria.

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa mahali pagumu kwelikweli. Hadi mpakani Mutukula, sheria ilikuwa upande wa Tanzania bila shaka yoyote. Kutoka hapo kwenda Masaka, mji wa kusini mwa Uganda, hoja bado inasimama. Kwenda Kampala na kuendelea kaskazini, inaanza kuyumba, na ni vizuri wanafunzi wakijua inayumba wapi na kwa nini.

Kanuni kuu ni Ibara ya 2(4) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa: nchi isitumie nguvu dhidi ya mipaka au uhuru wa nchi nyingine. Nchi ikikaribisha jeshi la mwenzake, hilo ni jambo jingine. Bila kukaribishwa, milango ni miwili tu: idhini ya Baraza la Usalama chini ya Sura ya VII ya Mkataba huo, inayohusu vitisho kwa amani, au kujihami chini ya Ibara ya 51 baada ya kushambuliwa kwa silaha.

Shambulio lilikuwepo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yaliingia Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800, sasa ni la Uganda. Raia waliuawa, ng'ombe wakaswagwa kuvuka mpaka, daraja la Kyaka likabomolewa. Katika hotuba ya Mwalimu Nyerere watu hukariri uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin. Kwa mwanasheria uzito wote uko kwenye sababu.

Lakini haki ya kujihami ina masharti mawili ambayo hayakuandikwa kwenye Ibara ya 51 na yanatokana na desturi ya mataifa: ulazima na uwiano. Wanafunzi wengi hudhani uwiano ni kuhesabu, yaani wao wameua kumi nasi tuue kumi. Sivyo. Uwiano hupimwa kwa lengo: nguvu iliyotumika isizidi ile inayohitajika kulikomesha shambulio na kuliondoa tishio lake.

Hapo ndipo Tanzania ilipojenga hoja yake. Ilikuwa imeutaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ulaani uvamizi, na Amin aache madai yake ya ardhi na alipe fidia. OAU ilipendelea usuluhishi, haikulaani. Libya nayo ikatuma wanajeshi kumsaidia Amin. Kama mvamizi hajaacha madai yake na anaendelea kuongezewa nguvu, kusimama mpakani ni kumsubiri arudi. Mimi naiona hoja hiyo kuwa nzito. Hata hivyo, mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika kesi ya Kongo dhidi ya Uganda, ilisema kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilomita kutoka mpakani hakuonekani kuwiana na mashambulizi ya mpakani yaliyodaiwa. Mazingira ya kesi ile yalikuwa tofauti, lakini kipimo ni kilekile, na Kampala haiko karibu na Mutukula.

Tanzania yenyewe haikudai kwamba iliingia kuwaokoa Waganda, ingawa sababu za kudai hivyo zilikuwepo: makadirio ya waliouawa chini ya Amin hufika hadi watu 300,000. Iliiambia OAU kwamba chanzo cha vita kilikuwa uvamizi na madai ya Amin ya kumega ardhi ya Tanzania. Nyerere alisema vita ni viwili: Tanzania ikijihami, na Waganda wakijikomboa. Ndiyo maana mkutano wa Moshi wa Machi 1979, ulioanzisha UNLF, muungano wa Waganda waliompinga Amin wakiwa uhamishoni, ulikuwa na maana kubwa kisheria, kwani serikali mpya ilipaswa kuwa ya Waganda. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, na siku mbili baadaye Yusuf Lule akaapishwa.

Katika mkutano wa OAU wa Monrovia, Julai 1979, Numeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliikosoa Tanzania kwa kuvunja kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani. Baraza la Usalama halikupitisha azimio lolote. Ukimya huo si baraka. Linganisha na Vietnam, iliyoingia Kambodia wakati uleule na kuuangusha utawala wa Khmer Rouge, ulioua raia wake kwa wingi: azimio dhidi yake lilizuiwa tu na kura ya turufu ya Umoja wa Kisovieti, na kiti cha Umoja wa Mataifa kikabaki kwa wauaji. Wanafunzi wakiuliza kama siasa iliamua nani akemewe, jibu ni ndiyo.

Swali la pili nalijibu kwa ufupi zaidi: nchi moja peke yake, hapana. Mwaka 1986, katika kesi ya Nicaragua, Mahakama ilisema matumizi ya nguvu si njia inayofaa ya kuhakikisha haki za binadamu zinaheshimiwa. Mwaka 2005 viongozi wa dunia walikubali jukumu la kulinda raia, lakini hatua za kijeshi zipitie Baraza la Usalama.

Afrika ilikwenda mbali zaidi. Ibara ya 4(h) ya Mkataba wa Kuanzisha Umoja wa Afrika, wa mwaka 2000, inaupa Umoja wenyewe, na siyo nchi mojamoja, haki ya kuingilia panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Wanasheria bado wanabishana, kwa sababu Ibara ya 53 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inazitaka jumuiya za kanda zipate kwanza idhini ya Baraza la Usalama. Desemba 2015 Umoja wa Afrika uliidhinisha kikosi cha watu 5,000 kwenda Burundi, kikaitwa MAPROBU. Burundi ilikataa. Mwezi uliofuata wakuu wa nchi walikutana Addis Ababa, wakaamua kisiende bila ridhaa yake.

Atakuwepo mwanafunzi atakayeuliza: kama Amin asingevuka mpaka, angeondolewa? Mjibu ukweli. Kwa sheria ya 1978, Tanzania isingekuwa na mlango wa kuingilia, na OAU ilikuwa imemfanya mwenyekiti wake miaka mitatu tu kabla, mwaka 1975, katika mkutano wa Kampala ambao Tanzania ilikataa kuhudhuria.