Nywele Zinazogotea Mabegani

Swali lenu la juma hili linauliza: "Je, nywele za kipilipili zinaweza kuvuka mabega bila misuko ya kulinda, au misuko hiyo ni ya lazima?" Misuko hiyo naielewa kuwa ile inayokaa kichwani kwa wiki nyingi ili ncha zisisuguliwe. Jibu langu ni kwamba zinaweza, na ninalitoa kwa sababu nimezikuza kwa njia zote mbili: miaka minne nikisuka mfululizo, kisha miaka mitatu nikibeba nywele zangu tupu bila kuongeza hata unywele mmoja wa kununua. Hata hivyo nisingependa msomaji aliyesuka rasta jana akimbilie kuzifumua kwa ajili yangu, maana mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye nywele zake na zangu huwezi kuzitofautisha ukizishika gizani, amefika mbali kuliko mimi bila kuacha kusuka hata mwezi mmoja. Kilichotutenganisha ni siku ya kufumua, na ndiyo maana sehemu kubwa ya barua hii nitaitumia huko.

Kwanza hesabu. Unywele wa kichwani huota kwa wastani wa sentimita moja hivi kwa mwezi, na nywele zilizojikunja sana kwa kawaida huwa nyuma kidogo ya kiwango hicho. Kila unywele una muhula wake wa kukua, ambao kwa watu wengi huchukua kati ya miaka 2 na 6. Muhula huo ukiisha hupumzika kwa takribani miezi 3, kisha hudondoka na mwingine kuanza kuota katika tundu lile lile. Ukichukua utepe wa fundi cherehani ukapima kutoka utosini, ukashuka kwa kufuata kichwa hadi begani, utapata kama sentimita 30. Kwa mwendo wa sentimita moja kwa mwezi hiyo ni safari ya miaka miwili na nusu, au mitatu kwa anayekwenda polepole, na mtu ambaye muhula wake wa kukua ni wa miaka 4 ana nafasi ya kutosha ya kufika na kupita. Hakuna msuko unaongeza kasi hiyo, wala mafuta. Wapo wanaolalamika kwamba nywele zao hazikui kabisa, lakini hao hao kila baada ya wiki 8 hurudi kutia dawa ya kunyoosha kwenye nywele mpya zilizochomoza shinani. Sasa kama hazikui, hizo zinazotiwa dawa zimetoka wapi?

Zinakua, ila zinakatikia upande wa pili kwa kasi ile ile, na mahali zinapopenda kukatikia ni mabegani. Nimelifikiria sana jambo hili, kwa kuwa nywele zangu zilikaa hapo kwa zaidi ya miaka miwili kama zilizowekewa ukuta. Nywele fupi huning'inia hewani kuzunguka shingo na hazigusi kitu, lakini zikishafika begani ncha zake hulala juu ya kola, mtandio, kamba ya begi na sufi ya sweta, na kila unapogeuza kichwa zinasuguliwa. Bahati mbaya ncha hizo ndizo zilizo kongwe kuliko sehemu nyingine yoyote ya unywele: zimekwisha kuoshwa, kuchanwa na kulaliwa kwa miaka mitatu. Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai, hivyo hauwezi kujitibu kama kidonda kinavyopona, na magamba madogo yanayoufunika yakishabanduka hayaoti tena. Nywele za kipilipili zina mzigo wa ziada, kwani ukiukata unywele wake na kuutazama kwa hadubini utaona umebonyea kama yai badala ya kuwa duara, na kila unapojipinda pana udhaifu. Mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa huteleza kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka, lakini kwenye uliojipinda hukwama karibu na shina, kwa hiyo ncha inayohitaji mafuta zaidi ndiyo isiyoyapata.

Nitaje pia kusinyaa. Nywele za sentimita 30 zilizojikunja sana zinaweza kuonekana kama za sentimita 10 zikikauka, na ninaamini wapo wasomaji wengi ambao nywele zao zimekwisha kufika mabegani nao hawajui, kwa sababu hawajawahi kuvuta unywele mmoja wa kisogoni na kuushikilia kwenye rula.

Katika miaka yangu ya kusuka nilikuwa na daftari. Kila nilipofumua nilipima fungu lile lile nyuma ya sikio la kulia, nikaandika. Nikilitazama daftari hilo leo naona aibu, kwa sababu namba zinapanda kwa mwaka na nusu wa mwanzo, kisha zinasimama kwenye 29 na kucheza hapo hapo, mara 28, mara 30, mara 29 tena, na mimi niliyekuwa nikiziandika sikuuliza kitu. Nilikuwa nikisuka rasta nyembamba, nikizikalisha kichwani wiki 8 na wakati mwingine 10, nikiamini kwamba kadiri zinavyokaa ndivyo ninavyozilinda. Siku ya kufumua nilikuwa nikianza saa mbili usiku nikiwa nimechoka, nakata unywele wa kuongeza kwa kukisia ulipoishia wangu, kisha nachana nywele kavu kutoka shinani kwenda chini ili nilale. Nilikuwa nikizisikia zikikatika kama nyuzi za nguo kuukuu.

Jambo ambalo hakuna msusi aliyewahi kunieleza ni hili. Kichwa cha kawaida hudondosha nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, na hizo ni zile zilizomaliza muhula wake. Zikiwa zimesukwa haziwezi kuanguka. Zinabaki ndani ya msuko zikiwa zimejifunga kwenye zilizo hai. Hata tukichukua 50 tu kwa siku, msuko wa wiki 8, yaani siku 56, unaficha nywele 2,800 zilizokufa, na pale shinani mwa kila msuko hujikusanya ugando mweupe wa jasho, mafuta na vumbi unaozigundisha pamoja. Anayefumua na kupitisha kitana moja kwa moja anazing'oa zilizokufa pamoja na kuzikata zilizo hai. Anayezimwagia maji kabla ya kuondoa ugando huo hufanya vibaya zaidi, kwani vinasokotana na kuwa donge.

Kuna njia rahisi ya kujua donge la nywele lililobaki kwenye kitana ni la aina gani. Tandaza nywele chache juu ya karatasi nyeupe, au nyeusi ikiwa una mvi. Unywele uliodondoka wenyewe ni mrefu kama zilizobaki kichwani na una kitone kidogo cheupe upande mmoja, ambao ndio uliokuwa ndani ya ngozi. Uliokatika hauna kitone hicho, na mara nyingi ni mfupi. Mwaka wangu wa nne wa kusuka nilitandaza nywele zangu kwa mara ya kwanza, na nyingi zilikuwa vipande visivyofika urefu wa kidole. Nikaelewa kwa nini namba haikuwa ikipanda.

Rasta nyembamba zile zilikuwa na madhara mengine pia. Saluni niliyokuwa nikienda walisuka kwa kukaza, nami nilichukulia maumivu ya usiku wa kwanza na vipele vilivyotoka kwenye paji kuwa gharama ya kupendeza. Vipele hivyo ni dalili kwamba shina linavutwa. Nywele zikivutwa hivyo kwa muda mrefu hupungua kwanza kandokando ya uso na juu ya masikio. Zikiachwa mapema huweza kurudi, lakini mvuto ukiendelea kwa miaka, tundu la unywele huweza kufungwa na kovu na hapo hakuna tiba ya kupaka itakayouotesha. Hili halina uhusiano na aina ya nywele peke yake, kwani maelezo ya mapema ya kitabibu kuhusu upara wa namna hii yaliandikwa mwaka 1907 kuhusu wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele zao nyuma kwa kukaza sana. Msuko unaoumiza, hata ukipewa jina zuri namna gani, haulindi kitu.

Niliacha kusuka kwa hasira, na mwanzoni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nywele zikiwa wazi kila siku zilikauka, zikajifunga vifundo vidogo kwenye ncha, na kwa kuwa zilikuwa mkononi mwangu wakati wote nilizichezea bila kujua. Zilianza kusogea nilipopunguza mambo ninayozifanyia. Nilizigawa mafungu manne na kuosha kila fungu peke yake likiwa limesokotwa, ili zisisokotane. Nilichana mara moja kwa wiki tu, zikiwa zimelowa na zimejaa kondishina, kwa vidole kwanza na kisha kwa kitana cha meno mapana, nikianzia nchani na kupanda kidogo kidogo kuelekea shinani. Mafuta ya nazi niliyapaka kabla ya kuosha, kwa sababu ni miongoni mwa mafuta machache yanayoingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Usiku nilizisokota misokoto minane mikubwa na kuifunga kitambaa cha satini, kisichofyonza unyevu wala kukwaruza kama pamba. Mchana nilizikusanya nyuma na kuzibana juu ya kola bila kuzikaza, nikibadilisha mahali pa kubania ili pasichoke pamoja. Pasi ya nywele niliiweka kabatini, maana joto kali huharibu protini ya unywele kwa namna ambayo maji hayairudishi, na mkunjo uliopotea hivyo haurudi mpaka ukue mwingine. Baada ya miezi 14 fungu la nyuma ya sikio lilifika sentimita 38.

Najua mtu atasema kwamba misokoto ile ya usiku na kule kubana juu ya kola ni misuko ya kulinda kwa jina jingine. Sitabishana naye. Ikiwa neno hilo lina maana ya kuficha ncha zisisuguliwe, basi sijaona aliyevuka mabega akiwa na nywele za kipilipili bila kuzificha walau usiku. Lakini swali lenu, nilivyolielewa, lilihusu misuko ya kukaa kwa wiki nyingi, na hiyo ndiyo ninayosema si ya lazima.

Sasa mdogo wangu. Yeye husuka mistari minene, isiyozidi kumi, kwa nywele zake mwenyewe au kwa kuongeza kidogo sana, na akimwona msusi anakaza humwambia alegeze kabla ya mstari wa pili. Haipitishi wiki ya nne. Kufumua kwake huchukua jioni mbili: ya kwanza anafungua na kuutoa ule ugando wa shinani kwa vidole vilivyopakwa mafuta, ya pili ndiyo anaosha. Halafu huzipumzisha wiki nzima kabla ya kusuka tena. Ana mikono isiyotulia kuliko yangu, hawezi kuona nywele bila kuzivuta, na kwake msuko ni kama kufuli. Kwa hiyo ninapoulizwa njia ipi ni bora huuliza kwanza kama mhusika huzishika nywele zake ovyo au huzifumua kwa pupa. Wa kwanza na asuke. Wa pili ni afadhali aziache. Mwenye nywele nyembamba moja moja, kama nyuzi za buibui, na awe mwangalifu zaidi na uzito wa unywele wa kuongeza, kwani unywele mwembamba una nguvu ndogo ya kubeba.

Kuhusu kukata ncha, mkasi haukuzi nywele. Unaondoa ncha iliyopasuka kabla mpasuko haujapanda, na mara moja katika miezi mitatu au minne ilinitosha. Vidonge vya biotini, aina ya vitamini B, humsaidia mwenye upungufu wa biotini, na upungufu huo ni nadra. Mama aliyejifungua akiona nywele zinapukutika miezi kama mitatu baadaye asilaumu msuko, kwani hilo hutokea kwa wengi na kwa kawaida hupita. Anayeona madoa ya upara, ngozi inayowasha au utosi unaopanuka aende kwa daktari wa ngozi kabla ya kwenda saluni.

Wanaotaka kujaribu, wachague njia moja na kuishika kwa miezi 6 bila kuchanganya. Wapime fungu lile lile, nywele zikiwa zimelowa na kunyooshwa, mwanzo na mwisho tu. Mwezi mmoja hautoshi, kwa sababu sentimita moja hupotea katika tofauti ya namna ulivyoishika rula, lakini baada ya miezi 6 fungu lisilokatika lapaswa kuwa limeongezeka sentimita 5 au 6. Likiongezeka 2, tatizo liko nchani, na karatasi nyeupe itaonyesha vipande.

Fungu langu la juu ya sikio la kushoto, pale walipokuwa wakianzia kukaza, bado halijafika begani. Hilo silipimi, nalibana pamoja na mengine.