Vikapu vya magugumaji na bili ya dawa

Mwalimu, nimekusoma: umestaafu, pensheni inaishia kwenye dawa za sukari na presha, na unauliza kama vikapu unavyosuka hapo Kisumu vinaweza kulipia matibabu. Sehemu, ndiyo. Yote, sidhani, angalau mwaka wa kwanza.

Anza na SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya. Tangu ichukue nafasi ya bima ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, asiye na mshahara hukadiriwa asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa uchache ni shilingi 3,600 kwa mwaka. Vikapu vya kwanza vifanye kazi hiyo, kabla mjukuu hajaomba viatu.

Sasa bei. Usiseme magugumaji ni ya bure eti ziwa limejaa. Hesabu siku za kuanika, rangi, bodaboda kutoka ufuo wa Dunga, na huo mgongo wako. Mnunuzi mjanja hubonyeza kitako cha kikapu kwa kidole gumba, kisha anakinusa. Akisikia unyevu, ameondoka. Kwa hivyo msimu wa mvua usikubali oda kubwa, ukungu utakumaliza.

Na usimkopeshe mwenye duka! Mimi nilimwachia mmoja vikapu 20, akasema atalipa mwisho wa mwezi. Mwezi wenyewe haujaisha mpaka leo. Dai arubuni ya nusu kwa M-Pesa kabla hujaanza kusuka.

Soko la Kibuye siku ya Jumapili peleka vile vya kubebea nyanya. Vya maua wawekee wageni wanaoshuka Dunga.