Uvimbe wa ubongo umepotea kwa dexa: mzee amepona?

Mkuu, umeuliza kama mzee amepona kwa sababu MRI ya pili, baada ya kutumia deksamethasoni (dexa, dawa ya steroidi inayopunguza uvimbe), haionyeshi uvimbe. Msishangilie bado. Uvimbe uliokaa jirani na vyumba vya maji ya ubongo, uking'aa wote kwa dawa ya rangi inayochomwa wakati wa MRI, kisha ukayeyuka kwa dexa, ushukiwe kuwa limfoma ya ubongo, yaani saratani ya seli za kinga. Dexa huua seli zake nyingi ila haizimalizi, na uvimbe hurudi, pengine upande mwingine kabisa.

Kinyama (kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa) kikichukuliwa sasa, maabara inaweza kuona seli zilizokufa tu. Daktari apunguze dexa taratibu (msiikate ghafla nyumbani), MRI irudiwe, na uvimbe ukijitokeza tena wachukue kinyama kwa sindano kupitia tundu dogo la fuvu. Kuukata wote si lengo, maana seli zimeshasambaa mbali. Ila mgonjwa akianza kupoteza fahamu kwa presha ya ubongo, apewe dexa, uhai kwanza.

Wakati mnasubiri, apimwe VVU, macho yakaguliwe ndani, CT ya kifua na tumbo ifanyike, na korodani zipigwe ultrasaundi, kuona kama limfoma ipo pengine mwilini. Maji ya uti wa mgongo yatolewe pale tu daktari atakapoona ni salama. Akiwa na VVU na CD4 (seli za kinga) za chini, toksoplazma, maambukizi ya vimelea kwenye ubongo, nayo huleta picha inayofanana.

Dawa kuu ya limfoma hii ni methotreksati, dawa ya saratani, ya dozi kubwa, kuanzia gramu 3 kwa mita ya mraba ya mwili, mara nyingi na rituksimabu (kingamwili inayolenga seli za limfoma). CHOP, mchanganyiko wa dawa za limfoma za sehemu nyingine, peke yake haitoshi, kwa kuwa haipenyi vizuri kwenye ubongo. Methotreksati hutolewa na figo, kwa hiyo hapa figo ndiyo roho ya kazi: dripu nyingi, bikaboneti mpaka pH ya mkojo ivuke 7, leukovorini (dawa ya kulinda seli nzima) kuanzia saa 24 baada ya methotreksati, na dawa ipimwe kwenye damu kila siku mpaka iwe imetoka. Hospitali isiyoweza kupima kiwango hicho, ombeni rufaa. Septrini, diklofenaki na omeprazo huzuia methotreksati kutoka mwilini. Wengi wenye VVU wanameza septrini kila siku na hakuna anayewauliza. Maji kwenye mapafu au tumboni nayo huishikilia dawa, yatolewe kwanza.

Mionzi ya ubongo mzima kwa mwenye miaka zaidi ya 60 mara nyingi huacha usahaulifu mkubwa na shida ya kutembea, kwa hiyo ulizeni sababu kabla ya kusaini.