Maswali ya Wasomaji: Shahid Afridi, Nairobi na Mikimbio 102

SWALI: Mhariri, baba yangu husimulia kwamba mwaka 1996 alishuhudia hapa Nairobi kijana wa Pakistan akivunja rekodi ya dunia ya kriketi kwa gongo la kuazima. Sisi wanawe humcheka tukidhani anatia chumvi. Je, habari hiyo ina ukweli? *Msomaji, Nairobi*

JIBU: Mwombeni mzee radhi, kwa maana habari hiyo ni ya kweli hata kwenye jambo la gongo. Mwezi Oktoba mwaka huo Kenya iliandaa mashindano ya mataifa manne, yaani wenyeji, Pakistan, Sri Lanka na Afrika Kusini. Mrushaji wa Pakistan, Mushtaq Ahmed, alikuwa ameumia, na nafasi yake akaitwa Shahid Afridi, kijana aliyelelewa Karachi ambaye sifa yake wakati huo ilikuwa kurusha mipira ya kuzungusha. Mechi yake ya kwanza, dhidi ya Kenya tarehe 2 Oktoba, hakupata hata zamu ya kupiga.

Siku mbili baadaye, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, alipangwa wa tatu katika safu ya wapigaji dhidi ya Sri Lanka, ambao miezi michache kabla walikuwa wametwaa Kombe la Dunia. Gongo alilokuwa nalo lilikuwa la Sachin Tendulkar wa India, ambaye alikuwa amemkabidhi Waqar Younis ili mafundi wa Sialkot, mji wa Pakistan, wamtengenezee jingine la mfano huo, na Waqar, mchezaji mwenzake Afridi, akamwachia kijana alitumie. Afridi alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 37 tu, ilhali rekodi ya awali, ya Sanath Jayasuriya wa Sri Lanka, ilikuwa mipira 48. Jayasuriya mwenyewe alikuwa miongoni mwa warushaji siku hiyo, na ova zake 10 (ova moja ni mipira sita) zilitoa mikimbio 94. Katika mikimbio 102 ya Afridi, 90 ilitokana na mipira iliyofika mpakani: 11 iliuvuka bila kugusa ardhi, kila mmoja ukiwa na thamani ya mikimbio 6, na 6 ikafika huko ikibiringika, kila mmoja kwa mikimbio 4, kwa hiyo kazi ya kukimbia ilimletea 12 pekee. Ni kweli kwamba Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na mpira huko huenda mbali, lakini hewa hiyo hiyo waliivuta wapigaji wote waliocheza siku hiyo. Rekodi ilidumu hadi tarehe 1 Januari 2014, Corey Anderson wa New Zealand alipotumia mipira 36.

SWALI: Rafiki yangu anashikilia kwamba Afridi alikuwa mtu wa kelele tu, kwani wastani wake wa kupiga ni mdogo. Nimjibu nini? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Kuhusu wastani, rafiki yako ana haki. Katika mechi 398 za kimataifa za siku moja, Afridi alipata mikimbio 8,064 kwa wastani wa 23.57 kwa kila mara aliyotolewa, na mara nyingi alitolewa akijaribu kupaisha mpira ambao mpigaji mwenye subira angeuacha upite. Tatizo ni kwamba anampima kwa kazi moja tu. Nairobi ilimpa umaarufu wa mpigaji, na umaarufu huo ukamfunika mrushaji aliyeangusha wiketi 395, yaani kuwatoa wapigaji mara 395, katika mechi hizo hizo. Mipira yake ya kuzungusha ilikuja kwa kasi isiyo ya kawaida kwa warushaji wa aina hiyo, na katikati yake alichomeka mmoja wa kasi zaidi uliomkuta mpigaji hajashusha gongo.

Mwambie atazame mechi ya tarehe 14 Julai 2013 huko Guyana, dhidi ya West Indies. Pakistan ilikuwa imepoteza wapigaji watano kwa mikimbio 47 Afridi alipoingia na kuongeza 76, kisha akaushika mpira na kuangusha wiketi 7 kwa mikimbio 12 tu, wapinzani wakaishia 98. Aidha, mwaka 2009 Pakistan ilipotwaa Kombe la Dunia la ova 20 nchini Uingereza, alikuwa mchezaji bora wa nusu fainali na wa fainali pia, na katika fainali hiyo kwenye uwanja wa Lord's, London, alipiga 54 bila kutolewa, kwa utulivu ambao mashabiki wake wengi hawakuuzoea.

SWALI: Je, ni kweli aliwahi kuuma mpira, na kwamba umri wake una utata? *Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Yote mawili ni kweli. Mwaka 2010 mjini Perth kamera zilimnasa akiutia mpira meno, jambo linalokatazwa kwa kuwa huubadili mpira, akafungiwa mechi mbili. Na kabla ya hapo, mwaka 2005 huko Faisalabad, aliparua kwa viatu sehemu ya uwanja mpira unapodundia wakati watu wameshtushwa na mlipuko wa mtungi wa gesi, akaadhibiwa pia. Makosa hayo hayana utetezi. Ama kuhusu umri, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2019 aliandika kwamba alizaliwa 1975, na humo humo akasema alikuwa na miaka 19 siku ya Nairobi, hesabu ambayo hata mtoto wa shule ataikataa. Orodha rasmi za rekodi zinaendelea kumwandika kuwa alikuwa na miaka 16 na siku 217.