Stockfish inafungua dirisha jeusi, ubao hauonekani

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Wete. Umesema umeshusha Stockfish ucheze sataranji bila kula bando, ukiibofya linakuja dirisha jeusi lenye maandishi, basi. Haijaharibika. Stockfish kazi yake ni kufikiri tu; ubao unatoka kwenye programu nyingine.

Kwanza angalia kama ni nzima: andika uci kwenye dirisha hilo, bonyeza Enter. Ikimalizia na uciok, haina tatizo. Dirisha likijifunga lenyewe, mara nyingi ni faili kutokubaliana na prosesa. Hujasema kompyuta yako ni ya lini, ila za zamani hazina AVX2 (uwezo wa ziada wa prosesa mpya), na faili lenye neno hilo kwenye jina halitafanya kazi humo; shusha lile lenye x86-64 tupu kwenye jina.

Kisha weka Arena, programu ya kuonyesha ubao, ni ya bure kwa Windows. Menyu ya Engines, Install New Engine, onyesha faili la Stockfish, aina chagua UCI (lugha ambayo Stockfish huzungumza na programu ya ubao). Baadaye usilihamishe folda, Arena haitaliona tena.

Nakusihi usianze na Stockfish ikiwa na nguvu zote, utavunjika moyo bure. Kwenye mipangilio yake tafuta Skill Level (kiwango cha uwezo), inakwenda 0 hadi 20. Weka 0, upandishe ukishaanza kuifunga.