Hita ya gesi haitoi maji moto: sikilizeni kwanza

SWALI: Assalaam alaykum. Tuna nyumba ya wageni Jambiani, na hita ya gesi ya lita 6 imefungwa ukutani, nje ya choo. Maji yanatoka kwenye tangi lililo juu ya paa. Sasa yanakuja baridi tu, ingawa mtungi una gesi. Fundi anasema tununue hita mpya. Tufanye nini?

JIBU: Waalaykumu salaam. Msinunue bado. Fungueni bomba la maji moto mpaka mwisho, kisha sikilizeni hita.

Ikiwa kimya kabisa, msihangaike na gesi. Hita hupiga cheche pale tu maji yanapopita kwa nguvu ya kutosha kusukuma mpira mwembamba ulio ndani ya valvu, nao ukabonyeza swichi. Badilisheni betri zote mbili kwa pamoja, zile nene za volti 1.5, na msugue vyuma vinavyozishika, kwani hewa ya chumvi huvila.

Bado kimya? Basi shida ni maji, na nyumba zenye tangi la paani hukwama hapa mara kwa mara. Hita nyingi zinataka presha ya baa 0.2 hivi, na kila mita 1 ya kimo hutoa baa 0.1 tu. Kwa hiyo tangi liwe mita 2 au zaidi juu ya hita. Vueni kichwa cha shawa mjaribu tena: hita ikiwaka, kichwa ndicho kilichoziba. Isipowaka, fungeni maji na gesi, ng'oeni bomba la maji baridi linaloingia chini ya hita, mtoe chujio. Maji ya visima vyetu hupita kwenye mawe ya matumbawe na huacha chokaa. Lirowekeni kwenye siki nusu saa, mlisugue kwa mswaki. Likiwa safi na hita bado imenyamaza, fundi afungue valvu aangalie ule mpira. Ukiwa umepasuka au umekakamaa, abadilishe huo peke yake.

Mkisikia cheche lakini moto hauwaki, hapo ndipo pa kutazama gesi. Mtungi ukiwa umebadilishwa karibuni, kuna hewa kwenye mpira wa kupitishia gesi. Rudieni mara kadhaa. Regulata iwe ya presha ndogo, milibaa 28 hadi 30. Mtungi wa kilo 6 haufai: hita ya kiasi hiki hula karibu kilo 1 kwa saa, mtungi mdogo hupoa na gesi hupungua nguvu, hata kama jiko lingewaka nao vizuri. Wekeni wa kilo 15.

Moto ukiwa wa njano au ukitoa masizi, zimeni mpaka fundi asafishe. Na mvua za masika zikiisumbua hita, ijengeeni kipaa hapohapo nje. Msiihamishie chooni kamwe: moshi wake una monoksidi ya kaboni, haina harufu, na humuua mtu akiwa anaoga.