Marobota 400 hayakutosha: hesabu ya nyasi kavu za farasi wawili kwa mwaka

SWALI: Nina farasi wawili wazima wenye kazi nyepesi, na hawana malisho ya maana nje. Nilinunua marobota 400 ya nyasi kavu na muuzaji akaniambia kila robota lina kilo 20. Yaliisha baada ya miezi tisa na nusu. Sina mizani ya kupimia farasi, ila kwa tepu ya fundi cherehani nimepata hivi: wa kwanza mzingo wa kifua sm 180 na urefu sm 165, wa pili sm 170 na sm 160. Ninunue marobota mangapi?

JIBU: Vipimo hivyo vinatosha kuanzia, mradi tepu ya mzingo ilipita nyuma tu ya viwiko vya miguu ya mbele, na urefu ulipimwa kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 11,880. Wa kwanza anatoka kilo 450 na wa pili karibu kilo 390. Jumla ni 840.

Farasi mzima wa kazi nyepesi anayetegemea nyasi peke yake huhitaji kwa siku takriban asilimia 2 ya uzito wake, lakini hiyo ni nyasi isiyo na maji kabisa. Kwa wako wawili ni kilo 16.8. Nyasi iliyokauka vizuri bado ina maji kama asilimia 12, kwa hiyo gawanya 16.8 kwa 0.88. Utapata kilo 19 na ushee kwa siku, karibu kilo 7,000 kwa mwaka.

Hizo ni zinazoingia tumboni. Ukilisha kwenye hori au wavu, tenga asilimia 15 kwa zinazokanyagwa na zinazoharibika ghalani. Hapa wengi huchukua asilimia 15 ya 7,000 na kuijumlisha, wakapungukiwa. Unachotaka ni kwamba asilimia 85 ya ulichonunua iwe kilo 7,000, kwa hiyo gawanya kwa 0.85: kilo 8,235, au 22.6 kwa siku.

Sasa turudi kwenye marobota yako. Kama kweli yalikuwa na kilo 20, ulikuwa na kilo 8,000, na upungufu ungekuwa wa siku kumi hivi. Wewe uliishiwa siku 80 mapema. Maelezo ni mawili. Huenda marobota yalikuwa na wastani wa kilo 16, kwa sababu 22.6 mara siku 285 ni kama kilo 6,440, ukigawanya kwa 400 unapata 16. Au uzito ulikuwa sahihi na karibu theluthi moja ilipotea chini ya kwato, jambo la kawaida kwa wanaomwaga nyasi ardhini.

Unyevu peke yake haumalizi tofauti hiyo. Robota la kilo 20 lililofungwa likiwa na maji asilimia 20 litabaki na kilo 18 hivi likishakauka. Na nyasi iliyofungwa ikiwa mbichi zaidi ya hapo usiipokee kabisa: hupata joto katikati, huota ukungu, na rundo kubwa linaweza kuwaka lenyewe. Penyeza mkono kati ya marobota wiki za mwanzo. Ukihisi joto, yatenganishe. Rundo likiwa moto sana au likinuka kama kitu kinachoungua usilivunje, ita zimamoto, maana hewa ikiingia ndipo hulipuka.

Kujua mkosaji ni yupi, chukua mizani ya kuning'iniza. Mzigo ukifika, pima marobota 10 kutoka sehemu mbalimbali, si yale ya juu tu, upate wastani. Kisha kwa siku tatu pima unachowapa. Kila asubuhi kusanya mabaki, yaanike yakauke, uyapime nayo. Mabaki yaliyolowa mkojo yasipoanikwa yatakudanganya, yana uzito wa bure.

Kwa wastani wa kilo 16 nunua marobota 515; kwa kilo 20, 412. Mimi ningeongeza 20 juu ya hapo, kwa kuwa nyasi mpya huingizwa polepole kwa siku 7 hadi 10 ikichanganywa na ya zamani, la sivyo tumbo linavurugika. Yapange juu ya chaga, maana robota linalogusa sakafu hunyonya unyevu na kuoza upande wa chini.

Nyasi zikionekana hazitafika, tafuta nyingine mapema kuliko kuwapunguzia. Chini ya asilimia 1.5 ya uzito wao kwa siku usishuke bila daktari wa mifugo: farasi anayekaa saa nyingi bila kutafuna hupata vidonda vya tumbo. Jike akinyonyesha, hesabu hii haimfai. Yeye hufika asilimia 2.5 hata 3.